Kabla ya kusema 'panya wa maabara', uliza ni nani anayeruhusiwa kuingia

Taja jaribio la dawa mtaani na jibu litakuja haraka: "Hao wanataka kutufanya panya wa maabara." Woga huo una historia yake na hatuubezi. Ila kwenye saratani ya mapafu, hasa kwa mgonjwa ambaye tayari amefanyiwa upasuaji, hofu yetu inalenga pabaya. Majaribio makubwa yaliyobadilisha matibabu ya ugonjwa huu yamepita bila sisi, na hata yangekuja hapa leo, wengi wa wagonjwa wetu wangekwama mlangoni.

Chukua jaribio la ADAURA, maana ndilo linalotajwa sana na madaktari. Lilichunguza tembe ya osimertinib, moja kila siku kwa miaka mitatu, kwa watu waliokwisha kutolewa uvimbe kwenye mapafu. Wagonjwa walikuwa 682, kutoka Ulaya, Asia, Australia na bara la Amerika. Nusu walipewa dawa, nusu kidonge kisicho na dawa, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepata nini. Baada ya miaka mitano, asilimia 88 ya waliopewa dawa walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 78 ya wenzao. Hiyo tofauti ni watu kumi katika kila mia. Ni wazazi wa watu.

Sasa, nani aliruhusiwa kuingia? Umri ulikuwa miaka 18 kwenda juu, 20 kwa Japani na Taiwan. Uvimbe ulipaswa kuwa wa hatua ya 1B hadi 3A, yaani bado uko kifuani na haujafika ini, mifupa wala ubongo, na kichwa kilipigwa picha kuthibitisha hilo. Upasuaji ulipaswa kuwa umeondoa uvimbe wote, kingo za kipande kilichokatwa zisiwe na seli za saratani hata chembe. Halafu kipande chenyewe kilipimwa maabara kuona kama kina mabadiliko fulani kwenye jeni ya EGFR. Huna mabadiliko hayo, huingii, kwa sababu dawa hiyo imeundwa kuyalenga hayo tu. Hapo hakuna ubaguzi, ni mantiki ya kawaida.

Kigezo kingine ni nguvu za mwili. Mgonjwa alitakiwa awe anatembea na kujifanyia kazi ndogondogo, kama kuosha vyombo au kuketi ofisini. Anayeshinda kitandani hakuchukuliwa.

Na muda. Hapa ndipo tunapoumia zaidi. Mgonjwa ambaye hakupewa kemotherapi alikuwa na wiki 10 pekee kutoka siku ya upasuaji hadi kuandikishwa. Aliyepewa kemotherapi alikuwa na wiki 26. Wiki 10 zinasikika nyingi mpaka uanze kuzihesabu ukiwa na mgonjwa nyumbani. Kidonda kipone. Ripoti ya patholojia itoke. Mchango wa familia ukamilike ndipo kipimo cha jeni kilipiwe. Daktari bingwa apatikane, na pengine yuko Nairobi au Eldoret nawe uko Lodwar. Unashtukia miezi mitatu imeyoyoma na hakuna aliyekuwa amezembea.

Tena hao ni wale waliobahatika kufika kwenye upasuaji. Mtu akikohoa miezi miwili hapa kwetu, wazo la kwanza ni kifua kikuu, na kwa nchi yenye TB nyingi huwezi kumlaumu daktari kwa kuanzia hapo. Tatizo ni pale mgonjwa anapomezeshwa dawa za TB mwezi baada ya mwezi ilhali vipimo havijaonyesha kiini cha TB, huku uvimbe ukikua. Kuna jambo ambalo wachache hulizungumzia: rifampicin, mojawapo ya dawa kuu za TB, hupunguza kiwango cha osimertinib mwilini. ADAURA haikumchukua mtu anayetumia dawa za aina hiyo mpaka aziache kwanza. Kwa hivyo utambuzi usio sahihi unaweza kukufungia mlango mara mbili.

Kuna kigezo kimoja ambacho sisi tunakipinga waziwazi. Majaribio mengi ya saratani, ADAURA likiwemo, yaliwaacha nje watu wenye maambukizi ya HIV na homa ya ini aina ya B au C. Nia ilikuwa usalama. Lakini Kenya ina zaidi ya watu milioni moja wanaoishi na HIV, wengi wakimeza ARV vizuri, virusi vimedhibitiwa, wanaenda kazini kama mtu mwingine yeyote. Kuwafungia wote nje ni kusema dawa itapimwa kwa wengine kisha sisi tubahatishe. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo mwaka 2020 ikishauri wagonjwa ambao HIV yao imedhibitiwa wakubaliwe kwenye majaribio ya saratani. Kampuni inayotaka kuleta jaribio Kenya iulizwe swali hilo mapema, kabla ya kupewa kibali.

Na kibali chenyewe si cha kupeana kiholela. Jaribio lolote la dawa hapa linapitia kamati ya maadili, Bodi ya Dawa na Sumu, na leseni ya NACOSTI. Wala Kenya si mgeni wa shughuli hii. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Kilifi, Siaya na Kombewa, watoto wetu wakiwa ndani, na leo inatumika. Kwa hivyo wataalamu tunao. Kilichokosekana kwenye saratani ya mapafu ni maabara za kupima jeni kwa bei ambayo mwananchi ataimudu na kwa kasi inayolingana na zile wiki 10. Wizara ya Afya na SHA zikitaka Kenya ichukuliwe kwa uzito na watafiti, zianzie hapo: kipimo cha EGFR kilipiwe kwa kila anayefanyiwa upasuaji wa saratani ya mapafu ya aina hiyo.

Mbona tunawaambia vijana haya, wakati ugonjwa huu hupata sana watu wenye umri mkubwa? Kwa sababu ni wewe unayebeba faili. Wewe ndiye unayegugo majina ya dawa saa saba usiku, na ni wewe matapeli watakuandikia DM wakisema wana nafasi kwenye "trial" ya India, tuma ada ya usajili kwa M-Pesa. Jaribio halali halikuuzii nafasi. Dawa inayochunguzwa hutolewa bure, fomu ya ridhaa unaisoma kwa lugha unayoielewa, na mgonjwa anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Na usimtoroshe mzee hospitalini eti kwa sababu hajavuta sigara, kwa hivyo haiwezi kuwa saratani. Kwenye ADAURA, zaidi ya theluthi mbili ya wagonjwa hawakuwahi kuvuta.

Mzazi akitoka chumba cha upasuaji, uliza maswali manne wiki hiyo hiyo. Ni hatua ya ngapi? Uvimbe umeondolewa wote? Jeni imepimwa? Na kile kipande kilichokatwa kimehifadhiwa wapi? Hilo la mwisho watu husahau kabisa, halafu miezi baadaye wanaambiwa hakuna cha kupima.