Hereni ya Ng'ombe na Umeme wa Hewani

Mwezi Juni 2025, katika viwanja vya Nyakabindi wilayani Bariadi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Pamoja na chanjo, ng'ombe huvishwa hereni ya kielektroniki. Juu ya hereni hiyo sisi wataalamu wa umeme tumesema machache mno, ilhali ni jambo letu hasa.

Hereni ya kawaida ya namna hii haina betri. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba, kapasita, dayodi za kunyoosha mkondo, na kipande cha silikoni kinachohifadhi namba ya mnyama. Kisomaji kinaposogezwa karibu na sikio hutoa mawimbi ya redio, na koili huyavuna na kupata umeme mdogo unaotosha kukiamsha kipande hicho kitaje namba yake. Kiwango cha kimataifa kwa mifugo ni kilohezi 134.2. Msanifu wa saketi hana budi kulinganisha koili na kapasita ziitikie masafa hayo: kwa kapasita ya pikofaradi 500, koili yahitaji milihenri 2.8 hivi. Akikosea, hereni ni pambo tu.

Wanafunzi wangu huuliza kwa nini tusivune mawimbi ya vituo vya redio tukawashia taa vijijini. Hesabu inakataa. Kituo cha wati 1,000, kwa umbali wa kilomita 10, huipa antena nzuri kiasi cha sehemu moja ya milioni ya wati. Jua la mchana humimina karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Taa tumwachie jua.

Hata hereni nayo ina mpaka wake. Uga wa sumaku wa kisomaji hufifia haraka mno: ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inayoifikia koili hushuka hadi sehemu 1 ya 64. Ndiyo sababu hereni za kilohezi 134.2 aghalabu hazisomeki kupita mita moja. Zipo za masafa ya juu zaidi, zisomekazo kwa mita kadhaa. Lakini hakuna kati ya hizo itakayomwonyesha mfugaji wa Itilima kwamba ng'ombe wake aliyeibwa usiku amefikishwa Meatu. Mfugaji akidhani amepewa chombo cha kumfuatilia mnyama, siku ya wizi atajiona amedanganywa, na hereni nyingine hataipokea. Aambiwe mapema, kwa Kisukuma ikibidi, kwamba hereni husema pale tu ng'ombe apitapo mbele ya kisomaji.

Kwa hiyo thamani ya hereni inategemea visomaji vilipo. Kwa maoni yangu viwekwe minadani, majoshoni na machinjioni, mahali ambapo ng'ombe wa wizi hana njia ya kukwepa, na usanifu wake wapewe vijana wa vyuo vyetu vya ufundi. Koili pana ya lango, betri na paneli ya jua si kazi iliyowazidi. Wajihadhari na jambo moja: mabomba ya chuma yanayojengewa mazizi ya minada huvuruga ulinganifu wa koili na kufupisha umbali wa kusoma. Kwenye lango la kisomaji zitumike nguzo za mti.