Jasho la JKT lilipe urubani

Kijana wa Kivinje akimaliza miaka miwili ya kujitolea JKT anarudi na nini? Cheti, na nauli ya kuungaunga hadi Nangurukuru!

Marekani ilianza mwaka 1944: askari aliyemaliza utumishi analipiwa masomo na serikali, hata ya urubani. Masharti yapo; leseni ya kwanza mara nyingi anajilipia mwenyewe. Lakini ni haki iliyoandikwa, si hisani ya kigogo.

Kwetu ahadi ni za mdomo. Mwaka 2021 jeshi lilitangaza kuwatimua vijana 854 wa JKT waliotaka kuandamana wakidai ajira. Sawa, kambi si uwanja wa maandamano. Ila wangekuwa na karatasi ya haki yao mkononi, wangeandamana kwa lipi?

Gesi ya Songo Songo inawasha taa za Dar tangu 2004. Ndege ndogo zinatua Kilwa Masoko. Anayezirusha ni mtoto wa nani? Leseni ya biashara hudai kama saa 200 angani, na kila saa ni mafuta. Mvuvi wa Somanga atayatoa wapi?

Wabunge wa Lindi wapeleke muswada: kila mwezi wa jasho JKT uhesabiwe kuwa ada ya masomo, urubani ukiwemo.