Usiuze Shamba Kabla ya Kumwona Daktari



Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja, mkata miwa, alinijia na karatasi mkononi. Binti yake amefaulu vizuri hesabu na fizikia, naye anataka kuwa rubani. Chuo kimoja kinataka karo yote ilipwe kabla ya masomo kuanza. Mzee alikwisha pata mtu wa kununua shamba lake. Nilimwambia: ndugu, ngoja kwanza.

Sisemi mtoto wa kibarua asirushe ndege. Shule ya urubani ya Soroti, hapa Uganda, ilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ili watoto wetu wajifunze kazi hiyo, na mpaka leo ingalipo. Ninalosema ni hili: tujue njia kabla ya kutoa fedha.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kozi ya mfululizo, mwanafunzi huingia hajui kitu na kutoka na leseni ya urubani wa biashara. Ni ya haraka, lakini deni lote huja kwa mkupuo. Ya pili ni ngazi kwa ngazi: kwanza leseni ya rubani binafsi, ambayo kwa kanuni za kimataifa yahitaji saa 40 za kuruka, halafu kuongeza saa hadi 200 kwa leseni ya biashara. Huchukua muda, lakini fedha zikikatika mtoto husimama, akaendelea baadaye. Sisi wa mshahara mdogo njia yetu ni hii.

Hata hivyo leseni si ajira. Kuwa nahodha wa ndege kubwa ya abiria kwahitaji saa 1,500.

Basi mambo matatu. Kwanza, mtoto apimwe na daktari wa usafiri wa anga, macho na moyo, kabla ya kulipa hata shilingi. Pili, lipa kwa awamu. Chuo kikifungwa, karo iliyolipwa yote hairudi kirahisi. Tatu, shirika likimsomesha kwa mkataba wa kulitumikia miaka kadhaa, leteni mkataba huo ofisi ya chama tuusome pamoja kabla ya kutia sahihi.

Nasi viongozi tudai mikopo ya elimu katika mkataba wa pamoja na mwajiri. Mbona mtoto wa meneja hasomeshwi kwa kuuza shamba?

Mzee bado ana shamba lake. Binti anakwenda kwa daktari kwanza.