Anayepiga picha muhogo wetu aje na mbegu

MKULIMA wa muhogo wa Dimani, wilayani Kibiti, anaweza kuona shamba la kijani, akachukua malipo ya awali kwa mfanyabiashara, halafu siku ya kung'oa akakuta mihogo imeoza kwa ndani. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao wataalamu waliuandika mara ya kwanza mwaka 1936 huko Amani, Tanga. Dalili zake kwenye majani ni hafifu, na wengi hudhani jani limezeeka tu.

Ugonjwa huu na mwenzake batobato ndio waliomwinua Dk Ernest Mwebaze wa Uganda. Akiwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Makerere, yeye na wenzake waliifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani iliyopigwa kwa simu. Kazi hiyo, inayoitwa akili mnemba, ilimfikisha kwenye kituo cha utafiti cha Google mjini Accra, Ghana, kisha akaenda kuiongoza Sunbird AI ya Kampala, taasisi isiyofanya biashara ya faida.

Nampongeza. Lakini mimi ni mchumi wa kilimo, nauliza mali ghafi ilitoka wapi. Kompyuta haijui batobato mpaka ionyeshwe maelfu ya picha, kila moja ikiwa na jina la ugonjwa. Mwaka 2020 picha 21,367 za muhogo wa Uganda zilitolewa ili wataalamu wa dunia nzima washindane kuzitambua. Nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe mashambani mwao, na majina ya magonjwa yakaandikwa na watafiti wa mazao wa nchi hiyo.

Kwetu ipo Nuru, programu ya simu inayoongea Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti. Msingi wake ni picha zilizopigwa katika mashamba ya utafiti Bagamoyo. Mwaka 2017 watafiti walipata usahihi wa asilimia 93 kwenye picha hizo, ila walipoijaribu kwa simu shambani usahihi ulishuka. Walilisema wenyewe, jambo ambalo wauzaji wa pembejeo wetu wangeiga.

Sasa tupige hesabu. Ekari moja, kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, huchukua mashina 4,000. Simu ikigundua kuwa shina moja kati ya matano ni gonjwa, mkulima ana mashina 800 ya kung'oa na kuchoma. Kesho atapanda nini? Atakwenda kwa jirani kuomba pingili, na ugonjwa husafiri ndani ya pingili hiyo hiyo. Amejua anaumwa, dawa hana.

Kwa hiyo mtafiti au kampuni ikija Dimani kupiga picha, serikali ya kijiji iombe mambo mawili kabla ya kuruhusu: majibu yarudi kwa mwenye shamba, na zije pingili safi za aina inayostahimili, mfano Kiroba. Si msaada huo, ni bei ya picha. Wala si nyingi: shina moja zima hutoa pingili kama 10, hivyo ekari moja ya mbegu safi, ikitunzwa na kikundi chini ya bwana shamba, itapanda ekari 10 msimu unaofuata.