Dereva wa mradi naye ana mwenye nyumba

Mafrateri tunaporudi seminarini kutoka likizo ya kichungaji, kila mmoja huja na habari zake. Safari hii tumerudi na moja inayotukera. Katika parokia moja tulikotumwa, mradi wa misaada ulifungwa ghafla na dereva wake akabaki anadai mishahara ya miezi miwili. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa avumilie kwa kuwa hii ni kazi ya Mungu. Akajibu, “Sawa, Baba, lakini mwenye nyumba wangu kila mwisho wa mwezi anataka kodi.”

Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Waamini wengi wanadhani kwamba ukiajiriwa na shirika la misaada la Kanisa, basi dola zimekufikia. Wanaona gari lenye nembo mlangoni, hawauoni mkataba wa miezi sita sita. Nasi tunaojiandaa kwa upadre tuna kosa letu: tunamwona mfanyakazi huyo kama mtu aliyejitolea, kwa hiyo akidai chake tunamshangaa, kana kwamba amepungukiwa na imani.

Mashirika haya ni makubwa. Caritas Internationalis, iliyoundwa mwaka 1951, inaunganisha mashirika zaidi ya 160. Catholic Relief Services ilianzishwa na maaskofu wa Marekani mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Sehemu kubwa ya fedha zake, karibu nusu, ilikuwa ikitoka katika serikali ya nchi hiyo. Serikali iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, shirika lililazimika kupunguza wafanyakazi na miradi. Sadaka ya Jumapili haiwezi kuziba pengo la namna hiyo, hilo tunalikubali. Wafadhili wakiondoka, watu watapoteza kazi. Lakini kuondoka kwa mfadhili hakufuti deni la kazi ambayo tayari imefanyika.

Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika Waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, alisema anayewahudumia wahitaji awe kwanza na ujuzi wa kazi yake, kisha akaongeza kwamba ujuzi peke yake hautoshi, yahitajika pia malezi ya moyo. Sisi tunapenda kuhubiri hayo malezi ya moyo. Ujuzi tunaupitia haraka, labda kwa sababu ujuzi una gharama. Mwaka 2012 aliandika tena, akiwataka maaskofu kuangalia kwamba mishahara katika mashirika ya upendo ya jimbo iendane na ile ya ofisi za jimbo, huku madai ya haki yakiheshimiwa. Neno la kuendana hukumbukwa upesi. La haki husahaulika, hasa pale ambapo hata karani wa ofisi ya jimbo analipwa kwa kuchelewa.

Tusidhani haya ni mambo madogo ya uhasibu. Novemba 2022, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaondoa viongozi wote wa juu wa Caritas Internationalis baada ya uchunguzi. Hakukupatikana ushahidi wa fedha kutumiwa vibaya. Tatizo lilikuwa uongozi wenyewe, na namna wafanyakazi walivyoishi chini yake. Na kabla ya hati zote hizo, Mtume Yakobo alikwisha kuwakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wao.

Baada ya miaka michache baadhi yetu tutakuwa maparoko, na wengine watapewa kuongoza Caritas za majimbo. Tuanze basi na yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mfanyakazi aambiwe mapema kwamba mradi unafungwa, asisikie kwa mlinzi getini. Michango yake ya NSSF ipelekwe kila mwezi, isikopwe kununulia dizeli. Na katika michango ya Kwaresima, Halmashauri ya Walei ikubali kutenga kiasi cha kumalizia mishahara pale fedha za nje zinapokatika. Kuna watakaosema kwamba fedha hizo ni za maskini. Tungewaomba wakamtembelee dereva yule.

Siku hizi anaendesha bodaboda ya kukodi. Jumapili bado anaimba besi kwaya ya pili, na ile mishahara miwili bado anaidai.