Kicheko Kile Kilikuwa cha Nani?

Ni desturi yetu, tunapoifumania kazi ya zamani katika utovu wa adabu, kuitetea kwa neno moja tu: zama. Twasema watu wa enzi hizo hawakujua. Nami nimeutumia utetezi huo darasani kwa miaka mingi, hadi juzi nilipoketi kuitazama, kwa mara ya kwanza maishani, filamu ya Kimarekani iitwayo Animal House.

Filamu hii, iliyoongozwa na John Landis, ilitoka mwaka wa 1978. Yasimulia visa vya vijana watukutu wa jumba la Delta katika chuo cha kubuniwa, Faber, mwaka wa 1962. Iligharimu takriban dola milioni 3, ikachuma zaidi ya milioni 100; na mwaka wa 2001 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaitia katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa. Haikuokotwa jaani, basi.

Nakiri kwamba nilicheka. Wormer, kiongozi wa chuo mwenye kiu ya kuwafukuza vijana hao, anaambiwa kuwa tayari wamo chini ya uangalizi wa nidhamu, naye papo hapo anatangaza kuwaweka chini ya uangalizi wa siri maradufu. Wenyewe hawana habari! Kwa mwanaisimu huo ni utamu wa kipekee, maana onyo ambalo mwonywa hakuambiwa ni sawa na mtu kujisemea chumbani. Mwalimu yeyote aliyewahi kukumbushwa waraka ambao hakuletewa atamtambua Wormer mara moja.

Kisha ikaja ngazi. Bluto, aliyeigizwa na marehemu John Belushi, anaiegemeza usiku kwenye bweni la wasichana, anapanda na kuchungulia. Wasichana wanavua nguo bila kujua kwamba wanatazamwa. Mmoja wao ni Mandy. Papo hapo Bluto anageuka, anatukabili sisi watazamaji na kuinua nyusi. Hatamki neno, lakini ishara ile ina sarufi yake, nayo inasema "sisi". Kiswahili hakitofautishi sisi inayomjumuisha msikilizaji na ile inayomwacha nje. Ndugu zetu Wasomali hutofautisha: innaga ni sisi pamoja nawe, annaga ni sisi bila wewe. Bluto alinitia katika innaga yake bila kuniuliza. Lau mwanafunzi wangu wa kike angekuwa ameketi kando yangu, angejumuishwa wapi, ngazini au dirishani?

Mtetezi wa zama atanijibu kwamba namhukumu Bluto kwa mizani ya leo. Naye atazame karamu ifuatayo. Kijana Pinto yuko chumbani na msichana aliyelewa hadi akazimia. Shetani anamtokea begani akimchochea. Malaika, bega la pili, anamkataza. Pinto anamtii malaika, kisha anamrudisha msichana kwao akiwa ndani ya kigari cha dukani. Kisa hicho hakingemchekesha mtu asiyejua lipi jema na lipi ovu. Waandishi walijua, na walikuwa na yakini kuwa ukumbi mzima ulijua. Ilhali baadaye, katika uwanja wa mpira, msichana yuyo huyo anamfichulia Pinto kuwa ana umri wa miaka 13, na ufichuzi huo nao umewekwa kama mzaha. Malaika wa karamuni hakualikwa uwanjani. Sioni hapo ujinga wa enzi, naona uamuzi.

Wako watakaotaka filamu kama hii ipigwe marufuku, au ikatwekatwe hadi isalie Wormer peke yake na waraka wake. Siafikiani nao, kwani mkasi huo utaondoa ushahidi na kuwaachia wanafunzi wetu sifa tu. Nanuia kuionyesha nzima kwa wanafunzi wa mwaka wa nne, nikiisimamisha penye ngazi.

Nitaisimamisha pia mwishoni, ambapo maandishi yanatueleza hatima ya kila mhusika. Bluto anamnyakua Mandy katikati ya vurugu za maandamano, anamtupa garini na kutokomea naye, na maandishi yanatuarifu kwamba alikuja kuwa seneta huko Washington, na Mandy mkewe. Hapo ndipo nitakapowauliza wanafunzi wanionyeshe ni katika onyesho lipi Mandy aliulizwa neno.