Uso wa mhitaji si risiti ya sadaka

Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Huenda ulidhani hiyo ni habari ya shule tu. Inatuhusu sisi wa kanisani pia.

Tazama kurasa zetu za Facebook na makundi ya WhatsApp. Mjane ameshika pakiti ya unga, viongozi wamemzunguka wakitabasamu, yeye ameinamisha macho. Je, aliulizwa? Na kama aliulizwa, angekataaje ilhali unga ulikuwa bado mikononi mwa mzee wa kanisa?

Najua hoja ya viongozi: waliotoa sadaka wanataka kuona imefika. Ni haki yao. Lakini risiti, orodha na picha ya magunia vinatosha. Katika Mathayo 6 Yesu alikataza kupiga tarumbeta mtu anapotoa sadaka. Tarumbeta ya siku hizi ni simu.

Bartimayo alikuwa kipofu na ombaomba. Shida yake ilionekana na kila mpita njia. Hata hivyo, Marko 10 inatueleza kwamba Yesu alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Hakumwamulia.

Wapo wapiga picha walioifuata njia hiyo. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Aliweka suti, saa, redio, hata pikipiki, na wateja wakashiriki kuamua wanavyotaka kuonekana. Leo picha hizo zimo katika makumbusho makubwa duniani, na hakuna anayewahurumia waliomo. Watu huwastahi.

Kamati zetu za huduma zinaweza kufanya vivyo hivyo. Toeni msaada kwanza. Picha iombwe siku nyingine. Mwelezeni mhusika itaonekana wapi. Avae apendavyo, achague kukaa kwenye cherehani yake, shambani au na wajukuu. Mwonyesheni picha, akisema ifutwe, ifutwe. Akiipenda, apewe nakala. Kwa mtoto, mzazi au mlezi aulizwe.

Mwanzo 1:27 inatufundisha kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi leo baada ya ibada, pitia picha ulizokwisha kusambaza. Ukiona uso ambao mwenyewe hakuulizwa, mtafute umuulize, au uifute.